Kabla ya Kuchangia Injini: Dasturi na Tanga Jepesi kwa Siku za Upepo Mwanana



Wengi wetu tunaoishi mitaa ya Eastlands, kuanzia Majengo na Pumwani hadi Eastleigh, Kaloleni, Buruburu, Umoja na Kayole, tuna chombo baharini ingawa hatujakipanda kwa miaka mingi. Ni mashua ya marehemu babu au ya mjomba, iliyobaki Faza, Kizingitini, Shela au Matondoni mikononi mwa ndugu waliosalia huko. Sisi tuna sehemu ndani yake kwa mirathi, au tuna wazee wanaokula kwa jasho lake. Habari zake hutufikia kwa simu, na habari inayofika mara nyingi zaidi ni moja: upepo umelala, chombo hakiendi, na jamaa wa Nairobi wanaombwa wachangie injini.

Hatuandiki makala haya kuipinga injini. Mwenye kubeba mgonjwa usiku kutoka kisiwani hawezi kuambiwa asubiri upepo. Tunaandika kwa sababu ombi hilo huja kana kwamba hakuna dawa nyingine, na fedha zake hutoka katika mifuko isiyo mizito: ya mama anayekaanga maandazi alfajiri, ya kijana aliyeajiriwa juzi, ya chama cha akina dada kilichokusanywa kwa ajili ya karo. Dawa nyingine ipo, nayo ni mti mmoja unaotokeza mbele ya omo na tanga jepesi linalotwekwa juu yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa hapa hapa Eastlands, na iliyo muhimu kuliko zote ni kazi ya cherehani.

Siku za tanga mbili

Watoto wetu waliozaliwa Nairobi hawana budi kuelezwa kwanza habari ya pepo. Bahari yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban tangu Disemba hadi Machi, ukitoka kaskazini-mashariki, na ndio uliowaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, ukitoka upande wa kusini, na ndio uliowarejesha kwao. Kati ya pepo hizo kuna majira mawili ya kugeuka, ambayo wazee waliyaita maleleji. Waliyaita pia tanga mbili, kwa kuwa katika siku hizo chombo chaweza kwenda kaskazini au kusini, upepo wowote usiwe na nguvu ya kukizuia.

Lakini upepo usio na nguvu ya kuzuia hauna pia nguvu ya kusukuma. Hata ndani ya msimu wenyewe, saa za alfajiri huja umande, yaani ule upepo wa bara unaotoka nchi kavu. Hupuliza polepole, hufifia jua likipanda, na baharia hungoja mpaka upepo wa bahari uingie baadaye mchana. Katika mikondo iliyomo kati ya Lamu, Manda na Pate, mikoko nayo huukata upepo uliokwisha kuwa dhaifu.

Chombo kilichosimama hakibaki mahali pake. Maji kujaa na kupwa hukichukua, na huweza kukipandisha juu ya fungu la mchanga au kukitoa nje ya mlango hadi bahari kuu. Barafu huyeyuka, samaki huharibika, na aliyetarajiwa nyumbani adhuhuri hufika usiku. Basi upepo mchache si shida ya starehe. Ni suala la riziki, na siku nyingine ni suala la uhai.

Kwa nini chombo husimama

Nguvu ya upepo juu ya tanga haipungui sawasawa na mwendo wake. Hupungua kwa mraba. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukishuka hadi kilomita 10, nguvu yake haibaki nusu, hubaki robo. Ukishuka hadi kilomita 5, hubaki sehemu moja katika sehemu 16. Ndiyo maana mashua inayokimbia vizuri saa tisa za mchana huonekana kama iliyotiwa nanga saa moja za asubuhi, ilhali upepo bado unagusa mashavu.

Kwa hesabu hiyo, anayetaka kwenda katika upepo mdogo anahitaji mambo matatu. La kwanza ni kitambaa kingi zaidi, ili kila pumzi inayopita ishikwe. La pili ni kitambaa chepesi, kwa sababu tanga la maradufu lililoloa umande huning'inia kwa uzito wake, na kila wimbi likikitikisa chombo tanga hukung'uta ule upepo mchache lililokuwa limeushika. La tatu ni urefu wa kwenda juu, kwa sababu upepo ulio karibu na maji hupungua kwa kusuguana nayo, na ulio juu huwa na nguvu zaidi. Hili la tatu mababu walilitatua zamani: foromali, ule mti mrefu unaolibeba tanga kubwa la jahazi kwa mshazari, hulifikisha tanga juu sana kupita ncha ya mlingoti.

Liko jambo la nne ambalo halina gharama ya kitambaa. Katika upepo mkubwa, chombo chenye chaza na mwani chini yake huenda ingawa kwa uzito. Katika upepo mdogo, uchafu huo unatosha kukisimamisha. Kabla shilingi moja haijatolewa Nairobi kwa ajili ya injini au tanga, mashua na ipandishwe pwani, ikwanguliwe, ipigwe moto wa makuti kama ilivyo ada, kisha ipakwe deheni au rangi upya. Ndugu wakisema chombo kimekuwa kizito, swali letu la kwanza liwe: kilipandishwa lini?

Mti unaoitwa dasturi

Mti unaotokeza mbele ya omo mabaharia wetu huuita dasturi, na wengine huuita mlingoti wa maji. Watoto wa Eastlands wanaijua desturi ya harusi na desturi ya kumwamkia mkubwa, lakini hii nyingine hawajapata kuisikia. Kazi yake ni kuipeleka pembe ya mbele ya tanga nje ya mwili wa chombo. Kwa kufanya hivyo, chombo kifupi hupata nafasi ya kubeba tanga kubwa kuliko urefu wake ungeruhusu, na tanga hilo hupata upepo safi ambao haujavurugwa na mlingoti wala na tanga kuu.

Wazo la kubadili tanga kulingana na upepo si geni kwetu. Mwaka 1938 mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda Aden katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Akasafiri nalo hadi Mombasa, Zanzibar na Rufiji kuchukua boriti, na kurejea nalo Kuwait mwaka 1939. Katika kitabu chake *Sons of Sindbad*, kilichotoka mwaka 1940, alieleza namna mabaharia wale walivyoishi na matanga yao. Majahazi ya aina ile hayakuwa na mazoea ya kulipunguza tanga kwa kulikunja sehemu. Yalibeba matanga ya ukubwa mbalimbali, kubwa likitwekwa upepo ukiwa mchache, na dogo upepo ukikaza. Ilikuwa hekima ya watu wasio na injini na wenye muda wa kutosha kuchunguza kila pumzi ya hewa.

Huko Marekani na Ulaya mashua za kisasa za starehe zilikuwa zimeuacha mti wa mbele kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya J/Boats ya Marekani ilianza kuunda mashua zenye mti wa mbele unaochomozwa na kurudishwa ndani, na tangu hapo mti huo umerudi katika mashua nyingi za safari ndefu. Wenye mashua hizo hutweka juu yake tanga kubwa la nailoni jepesi siku ambayo wengine huwasha injini. Wakati wao waliurudia, wetu wengi wakawa wanaukata ili injini na mizigo vipate nafasi.

Anayetaka kuona kwamba elimu hii haijafa, na aende Lamu wakati wa Maulidi au wakati wa tamasha la utamaduni la kila mwaka, atazame mashindano ya mashua. Hakuna injini katika mashindano hayo. Mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa juu ya upepo, wakihama kwa amri moja kila chombo kinapogeuka. Vijana wale wanajua kuutafuta upepo. Tatizo ni kwamba elimu hiyo imekuwa ya siku ya mashindano, na siku ya kazi husahauliwa.

Kazi ya cherehani

Hapa ndipo akina mama na dada zetu wanapoingia, wala si kwa heshima ya maneno tu. Tanga jepesi ni kazi ya mshono kabla ya kuwa kazi ya bahari. Mwanamke anayejua kukata dera au buibui anajua tayari nusu ya elimu yake.

Tuchukue mfano wa mashua ya urefu wa mita 8. Tanga la mbele la pembe tatu, lenye ukingo wa mbele wa mita 6 na ukingo wa chini wa mita 3, eneo lake halizidi mita za mraba 9. Kwa kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, hesabu tupu ni mita 6 za urefu. Lakini pindo, mishono, viraka vya pembe na mabaki ya kukata pembe tatu vina haki yao, kwa hivyo mita 10 ni kiasi cha busara.

Kitambaa chenyewe kiwe nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubana, aina ya kitambaa cha mwavuli au cha hema jepesi, chenye uzito wa takriban gramu 40 hadi 70 kwa mita ya mraba. Kwa ukubwa tulioutaja, kitambaa chote hakifiki kilo moja. Tanga la ukubwa huo huo la maradufu ya gramu 300 hupita kilo mbili na nusu likiwa kavu, na likiloa huzidi. Mwenye kununua katika maduka ya Eastleigh, au mwenye kutafuta mahema ya mitumba Gikomba, anaweza kulijaribu kwa njia rahisi: akibane kitambaa kinywani na kupuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo nao utapita. Kisha akiloweshe kipande na kukikung'uta. Kinachobaki kizito kwa maji hakifai. Turubai la plastiki la kufunikia mizigo lisichukuliwe hata likiwa rahisi, kwa sababu halina mkao na huchanika mstari mzima likianza.

Katika kukata, kanuni kubwa ni ile ile inayojulikana na kila fundi: kitambaa kikivutwa kwa mshazari hunyooka, kikivutwa kufuata uzi wake hakinyooki. Tanga la pembe tatu lina kingo tatu. Ukingo wa mbele utashonewa kamba, na wa chini ni mfupi. Ukingo wa nyuma ndio ulio huru na usio na msaada, kwa hivyo uzi wa kitambaa uende sambamba nao. Ukikatwa kwa mshazari, utalegea baada ya safari chache na kupigapiga kama bendera, na tanga halitakuwa na nguvu tena.

Kanuni ya pili ni kitumbo. Tanga lililo bapa kama shuka halivuti vizuri katika upepo mdogo. Linahitaji kujaa kidogo. Vipande vyake basi visiunganishwe kwa mishono iliyonyooka moja kwa moja. Kila mshono ubanwe zaidi ukikaribia ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, na ulegezwe katikati, kama fundi anavyoibana nguo kiunoni ili ikae mwilini. Kina cha kitumbo kikiwa takriban sehemu moja katika nane za upana wa tanga, kinatosha.

Mishono iwe ya kupandana, ipitishwe mara mbili kwa mshono wa kwenda upogo, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutwa. Uzi uwe wa poliesta, si wa pamba. Kila pembe iwekewe viraka vya tabaka tatu, kila kimoja kikiwa kikubwa kuliko cha chini yake, ndipo pete ya shaba itiwe. Ndani ya pindo la ukingo wa mbele ipitishwe kamba ya poliesta isiyonyooka. Kamba ya katani huvimba na kuoza, na ya nailoni hunyooka mno.

Kazi hii ni ya siku chache kwa mafundi wawili wenye uzoefu. Akina dada wa mtaa mmoja wakijifunza kushona tanga moja vizuri, wataweza kushona la pili kwa malipo, kwani mashua za pwani zenye shida hii ni nyingi.

Chuma cha Kamukunji, mti wa pwani

Dasturi yenyewe ni kazi ya fundi wa pwani, anayeujua mwili wa chombo. Mti wa mvinje ulionyooka na kukauka unafaa. Mikoko hulindwa kwa sheria na kuikata huhitaji kibali, basi na tusianze jambo la kheri kwa kuvunja amri. Kwa mashua ya mita 8, dasturi itokeze nje takriban mita moja. Sehemu ya ndani iwe ndefu kuliko ya nje, mita mbili au zaidi, na kitako chake kifungwe kwenye boriti imara ya chombo, wala si kwenye mbao za juu peke yake.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kamba ya chini. Tanga likijaa halivuti dasturi kwenda mbele tu. Huivuta ncha yake kwenda juu. Kwa hiyo lazima kuwe na mnyororo au kamba nene kutoka kwenye ncha ya dasturi hadi sehemu ya chini ya omo, karibu na maji, na kamba mbili za pembeni, moja kila upande. Dasturi isiyo na kamba ya chini huvunjika siku ya kwanza ambayo upepo utakaza ghafla, na kipande cha mti kilichofungwa kwenye tanga kikipigapiga juu ya vichwa vya watu ni hatari kubwa.

Vyuma vyake, yaani pete ya ncha, bamba la kukaza kitako na pete ya chini, vinaweza kufuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao mikono yao hutengeneza masanduku, majiko na matoroli kutwa kucha. Wapewe vipimo vilivyoandikwa, na vyuma vichovywe zinki baada ya kutobolewa, si kabla. Chuma kitupu hakidumu katika maji ya chumvi. Tena vyuma vya aina mbili tofauti visigusane ndani ya maji, kwa kuwa kimoja hukila kingine.

Namna ya kulitumia

Tanga jepesi ni la upepo mwanana peke yake. Hutwekwa upepo ukitoka ubavuni, au mbele kidogo ya ubavu, au nyuma ya ubavu. Demani, ile kamba ya kulivutia, isikazwe. Baharia ailegeze mpaka ukingo wa mbele uanze kutetemeka, kisha aivute kidogo tu hadi utulie. Wengi hukosea kwa kuivuta sana, wakidhani tanga lililokazwa lina nguvu, kumbe limekabwa koo.

Watu wasikae tezini. Wasogee mbele, na wakae upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaelekea, ili chombo kiiname kidogo. Kikiinama, tanga hushika umbo lake kwa uzito wake lenyewe, na sehemu ya nyuma ya chombo huinuka na kupunguza msuguano na maji. Kana ya usukani isivurugwe, kwani kila ukiipinda kwa nguvu usukani hugeuka kuwa breki.

Kana hiyo hiyo ndiyo itakayosema kama dasturi na tanga vimekaa sawa. Mashua nyingi zenye tanga moja kubwa hupenda kugeukia upepo, na nahodha huchoka kuivuta kana siku nzima. Tanga la mbele huipunguza tabia hiyo, na chombo hupata mwendo kwa sababu usukani haukizuii tena. Lakini tanga likiwa kubwa mno au mbele mno, chombo hukataa kuupanda upepo, na nahodha akiiachia kana hukimbia na upepo badala ya kusimama. Hilo ni hatari. Kipimo ni hiki: kana ikishikwa kwa vidole viwili, ivute kidogo tu kutaka kugeukia upepo. Ikiwa hivyo, kazi imetimia.

Kabla ya kukisi, yaani kulihamisha tanga kuu upande wa pili wa mlingoti, tanga la mbele lishushwe kwanza, kisha litwekwe tena baada ya chombo kushika njia mpya. Na mawimbi yakianza kuwa na povu jeupe vichwani, lishushwe na kutiwa guniani bila mjadala. Tanga la gramu 60 halikuumbwa kupambana na kusi.

Injini, tanga na shauri la nyumba

Tuitazame sasa hesabu. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 15 ikiendeshwa kwa kasi kamili hutumia takriban lita 6 kwa saa. Saa nne za upepo mdogo ni lita 24. Kila nyumba ina uwezo wa kuzizidisha lita hizo kwa bei ya petroli ya wiki hii, kisha kwa idadi ya siku za maleleji, na kuona ni fedha ngapi zinazochomwa baada ya ile ya kuinunua injini kwisha kutolewa. Tanga hununuliwa mara moja. Likitunzwa mbali na jua na kuoshwa kwa maji matamu, litatumika kwa misimu kadhaa.

Ushauri wetu basi ni wa utaratibu. Kwanza, jaketi za kuokolea maisha kwa kila anayepanda, wakiwemo watoto. Hizo hazina mbadala. Pili, chombo kupandishwa na kusafishwa. Tatu, dasturi na tanga jepesi. Nne ndiyo injini, na injini hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko iliyoombwa, ya dharura na ya kuingilia bandarini, kwa sababu haitabebeshwa tena kazi ya upepo. Nyumba iliyo na mgonjwa wa mara kwa mara, au iliyo mbali sana na hospitali, na iyapange upya mambo haya kwa hali yake, wala hakuna wa kuilaumu.

Liko jambo moja lisilo la mbao wala la kitambaa, nalo ni zito zaidi. Katika nyumba nyingi, dada zetu walioolewa Nairobi wana sehemu katika chombo cha baba yao kwa sheria ya mirathi aliyoiweka Mwenyezi Mungu. Hata hivyo husikia habari za chombo hicho siku ya mchango peke yake. Hawaulizwi kipandishwe lini, kiuzwe au kisiuzwe, wala pato lake limekwenda wapi. Si haki. Katika Suratu Shura, Mwenyezi Mungu ametaja vyombo vinavyokwenda baharini kuwa ni katika ishara Zake, na kwamba upepo hutulia kwa kutaka Kwake. Na sura hiyo hiyo ndiyo iliyobeba jina la mashauriano, na ikawasifu waja ambao jambo lao ni la kushauriana. Tunaona katika kukutana huko mafunzo kwa nyumba zetu. Upepo si wetu kuuamrisha, lakini kushauriana tumeachiwa sisi, na aliye na sehemu katika chombo ana sehemu katika shauri lake.

Kwa hiyo simu ijayo itakapolia, tusijibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tuwaombe ndugu wa pwani watupimie kwa kamba mambo matatu: urefu kutoka kilele cha mlingoti hadi ncha ya omo, urefu wa chombo, na nafasi iliyopo ndani ya omo ya kulaza kitako cha dasturi. Watuandikie pia tarehe ambayo chombo kilipandishwa mara ya mwisho. Wenye sehemu wote, wake kwa waume, wakae kitako na vipimo hivyo mbele yao. Ikiwa wataafikiana, kitambaa kinunuliwe Eastleigh na vyuma vifuliwe Kamukunji kabla Septemba haijaisha, mzigo upelekwe kwa basi hadi Mokowe, na tanga lijaribiwe katika maleleji ya Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijaingia. Miezi hiyo miwili itatosha kuonyesha ni kiasi gani cha injini kinachohitajika, na kama kinahitajika.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabaharia wetu salama kwenda na kurudi, na azijaalie baraka chumo zao na zetu. Amin.